Wiki za Mwisho za Mimba
(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa tawi)



Katika mikutano hii tumezoea kusema juu ya mishahara na saa za kazi. Leo twataka kusema juu ya bibi zetu walio na mimba, kwa sababu sisi watu wa reli hulala njiani, na mtoto hangoji gari la baba yake lifike stesheni. Wazee wanaocheka pale nyuma nao wasikilize.

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini tarehe aliyoandika nesi katika kitabu cha kliniki si kama saa za gari katika ratiba. Ni watoto wachache wanaozaliwa siku ile hasa. Basi tangu wiki ya 37 tuwe tayari, na tarehe ikipita bila dalili, mama arudi kliniki apimwe, asikae nyumbani akihesabu siku.

Wakati huo tumbo hushuka, kwa kuwa kichwa cha mtoto kimeingia nyongani. Mama hupumua vizuri kidogo, lakini haja ndogo humsumbua kila mara, mgongo humwuma na usingizi humpotea. Tena tumbo hukaza na kulegea. Kukaza huko kukiwa hakuna mpango, na kukiisha akipumzika, bado. Uchungu wa kweli huja kwa zamu, kila zamu ikikaribiana na nyingine na kuzidi nguvu. Pengine hutanguliwa na ute wenye damu kidogo. Chupa ikipasuka na maji yakatoka, aende hospitali hata kama hasikii uchungu.

Watu husema ya kuwa mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia tumboni. Si kweli. Mtoto hucheza mpaka mwisho. Akipunguza kucheza, mama aende siku hiyohiyo. Kadhalika akitokwa na damu nyingi, akishikwa na homa, akiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, au uso na mikono ikivimba ghafula. Dalili hizi za mwisho ni za presha ya mimba, iletayo kifafa na kuua mama pamoja na mtoto.

Sasa neno zito. Ziko nyumba ambamo mama hukaa na uchungu akimngoja mume arudi kutoka safari, kwa kuwa fedha ziko mfukoni mwa mume, na ruhusa pia iko kwake. Desturi hiyo twataka iishe katika nyumba za wanachama. Kabla hatujaondoka, tuache nauli mkononi mwa mama mwenyewe. Tupatane na mtu mwenye motokaa atakayekubali kuamshwa usiku. Kitabu cha kliniki, kitambulisho, kanga safi na nguo za mtoto vikae katika mfuko mmoja. Na tuwatafute ndugu wawili wa kutoa damu, maana mama aweza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, akafa kwa saa chache tu. Kama mama mkwe ana shauri lake, aulizwe sasa, si usiku ule.

Juu ya likizo, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, yasema hivi: mama mfanya kazi apate miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2 kwa mshahara kamili. Wapo wasimamizi wanaomwambia baba atumie siku za likizo yake ya mwaka. Asikubali, hizo ni siku nyingine. Mama apeleke barua siku 7 kabla, au zaidi. Nasi akina baba tuandike mapema, tukitaja wiki inayotazamiwa, na nakala ipigwe mhuri ofisini tubaki nayo. Atakayekataliwa ampelekee mwakilishi wa chama nakala hiyo kabla ya kupanda gari.