Kalamu Yako na Wosia Wako

Mazungumzo ya mzee wa baraza mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima



Nimeombwa niseme juu ya wosia. Nasikia wengine mnaguna. Kwetu mtu akitaja wosia, watu husema, "Huyu anajitabiria kifo." Mimi nawauliza: nani kati yetu ataishi milele? Wosia hauui mtu. Kinachoua ni ugomvi wa urithi.

Nilikaa miaka mingi katika mahakama ya mwanzo nikiwa mzee wa baraza. Siku moja alikuja mama mmoja mjane. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari. Mumewe marehemu aliandika kwa penseli kwamba nyumba na shamba la migomba ni vya mkewe na binti zake. Hakuweka tarehe. Hakuweka sahihi. Shahidi hakuwepo hata mmoja. Shemeji zake wakasema, "Nani anajua kama ni yeye aliyeandika?" Mama yule akalia. Lakini mahakama haikati shauri kwa huruma. Karatasi ilikataliwa, na mali ikagawanywa kama vile wosia haukuwepo.

Marehemu yule alijua kuandika. Kosa lake nini? Hakujua namna ya kuandika wosia.

Basi sikilizeni. Hapa Tanzania, kwa watu wanaofuata sheria za mila, taratibu za wosia ziliandikwa na serikali mwaka 1963. Zinasema hivi.

Wosia wa mdomo unakubaliwa. Lakini uwe na mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mtu baki ni yule asiye wa ukoo wako.

Wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika. Penseli haifai. Uwe na tarehe. Useme kwamba mwenye wosia ana akili timamu na anausia kwa hiari yake. Atie sahihi yake. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba la kulia. Mashahidi nao watie sahihi. Mke au wake waliopo nyumbani siku hiyo nao washuhudie, juu ya hao mashahidi wengine.

Mashahidi ni wangapi? Hapa ndipo kisomo kinapoingia. Kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, wanatakiwa wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kama anajua kusoma na kuandika, wanatosha wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mmeona? Kalamu yako imekupunguzia mashahidi wawili!

Tena kuna jambo la pili. Mashahidi wa wosia wa maandishi ni lazima wajue kusoma na kuandika. Zamani, mzee akitaka kuandika wosia, alimtafuta karani au mwalimu. Leo anaweza kuja kwako. Akikuita, nenda. Lakini usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Sahihi yako ni kiapo.

Wenzetu Waislamu wanaofuata sheria ya dini yao wana taratibu zao. Kwao wosia hauzidi theluthi ya mali, na mali iliyobaki huenda kwa warithi kwa mafungu yao. Wao waulize masheikh wao.

Sasa akina mama watauliza: wosia unatusaidia nini sisi? Unasaidia sana. Ile sheria ya mila ya 1963 iliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi, na mjane alitegemea kutunzwa na watoto wake. Baba asipoandika, ukoo hushika njia hiyo.

Nitawapa mfano wa kweli. Huko Muleba, mkoa wa Kagera, mama mmoja mzee alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000, maana hakuwa na mtu wa kumtunza. Ndugu wa ukoo akamshtaki, akasema mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubali, ikataka fedha zirudishwe. Mahakama ya wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inawabagua wanawake, na Katiba inakataza ubaguzi. Mama akashinda.

Neno la mwisho. Mtu akifariki, msigawane mali usiku matanga hayajaanuliwa. Nendeni mahakama ya mwanzo, iteue msimamizi wa mirathi. Kama kuna wosia, pelekeni. Na msimamizi asijione mwenye mali! Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwapa warithi haki yao. Sheria inampa miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Halafu atoe hesabu mahakamani. Asipotoa, warithi nendeni mkaulize.

Leo jioni, ukifika nyumbani, keti na mwenzako. Ongeeni juu ya shamba, nyumba, ng'ombe na madeni. Nunua kalamu ya wino. Waite mashahidi. Andika. Kisha karatasi iwekwe mahali salama, na mtu mwaminifu ajue ilipo.

Mjane yule ninamkumbuka hadi leo. Mumewe alimpenda. Alikosa wino, tarehe na watu wawili tu.