Ramani na Maji ya Mifugo



Chama cha wafugaji katika nchi kame kama Simanjiro hakina budi kuwa na ramani ya ardhi yake. Karatasi nyingi za zamani za Tanganyika zilichorwa na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946, kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Katika karatasi za kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Basi lambo lililo sentimita 24 kutoka bomani liko kilomita 12 kwa mstari ulionyooka. Njia ya ng'ombe, inayozunguka vilima na makorongo, ni ndefu zaidi, na ng'ombe hao sharti warudi.

Kosa kubwa hutokea katika alama za buluu. Alama haisemi kwamba maji yapo. Yasema tu kwamba yalikuwapo wakati wa upimaji, na pengine ilikuwa masika. Tangu hapo lambo huenda limejaa tope, au injini ya kisima imekufa. Kundi likihamishwa mwezi wa Septemba kwa kutegemea alama hiyo, litafika na kiu wala halitakuwa na nguvu za kurudi.

Kwa hiyo mwaka wa karatasi, ulioandikwa pambizoni, usomwe kwanza. Kisha katibu afuatane na wazee wachungaji (ambao hawajapata kuhitaji karatasi yoyote), na penye kila chemchemi, kisima na lambo aandike kwa penseli mwezi ambao maji hukauka, na kama yana chumvi. Halmashauri iikague ramani hiyo kabla kundi halijaondoka.