Namba Iliyopotea Ndani ya Mashine
Hotuba ya mwalimu wa shule ya kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imeniomba niseme juu ya kompyuta za shule. Nitasema juu ya moja tu, ile laptopu ya saba, kwa sababu wengi mmesikia habari zake nusunusu, na wengine mmesikia kwamba mwalimu ameiuza.

Mashine hiyo ilikufa siku umeme ulipokatika wakati programu yake ya msingi, iitwayo BIOS, inaboreshwa. Betri yake ilikuwa imechoka zamani, ikazimika papo hapo. Nikapanda basi hadi Nyabugogo, kisha pikipiki mpaka Nyarutarama kwa fundi mmoja. Siku ya tatu ikawaka. Nikalipa, nikarudi kwa furaha.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa mali. Stika ya chini ilionyesha namba moja, na mashine yenyewe ilipoulizwa ikataja nyingine. Kwenye orodha laptopu ya saba ikaandikwa "haipo", nami nikapewa barua ya kujieleza. Ndugu zangu, hapa kambini tunajua ilivyo kusimama mbele ya meza, mzima na miguu yako miwili, karani akakuambia kwamba humo kwenye orodha.

Sasa nieleze lililotokea. Juu ya bodi kuu ya laptopu kuna chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, ambayo haizidi ukucha wa kidole. Humo ndimo inamokaa BIOS. Pamoja nayo kiwanda huandika jina la mtengenezaji, aina ya mashine, namba yake, na namba nyingine ndefu ya herufi na tarakimu 32 iitwayo UUID. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zinazouzwa na Windows hubeba humo pia ufunguo wa leseni. Namba ya mashine utaiona kwenye stika, lakini UUID kwa kawaida haimo. Ikifutika bila nakala, hakuna pa kuisoma.

Fundi alikuwa ameng'oa chipu yetu na kulehemu nyingine, aliyoijaza faili lililotoka katika laptopu ya aina ile ile. Mashine ikaamka na utambulisho wa mgeni. Simlaumu sana. Aliagizwa iwake, nayo iliwaka. Kosa langu ni kwamba sikumwambia lolote juu ya namba.

Nilirudi Nyarutarama nikiwa na ile barua mfukoni. Tukaipata chipu ya zamani ndani ya kopo la skrubu. Akaisoma kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye USB, akaisoma tena mara ya pili, akalinganisha nakala hizo mbili mpaka zikawa sawa. Umeme ulikuwa umeharibu sehemu ya programu, lakini sehemu ya utambulisho ilikuwa nzima. Akahamishia namba, UUID na ufunguo katika chipu mpya. Tukawasha Linux, nikaandika amri ya dmidecode, na kioo kikatoa namba ileile ya stika. Nilipiga makofi peke yangu, wateja wengine wakanitazama.

Watengenezaji hawafanani. ThinkPad iliyopoteza namba yake hulalamika kwa kosa 2200 wakati wa kuwaka, na kwa kosa 2201 ikiwa UUID ndiyo mbovu. Dell ina namba ya herufi na tarakimu saba. Hata zile XO za kijani na nyeupe, ambazo Rwanda ilianza kuzigawa mashuleni mwaka 2008, zina namba na UUID ndani ya chipu. XO iliyofungwa kwa ulinzi wa wizi haiwaki kama faili la ruhusa halilingani nazo.

Vijana mnaojifunza ufundi, someni chipu na mhifadhi nakala kabla ya kuandika chochote. Angalieni pia volti, kwa maana chipu nyingine mpya hutaka 1.8 tu, na kifaa cha bei nafuu kikiipa 3.3 kinaweza kuiua. Kijana mmoja ameniuliza kama njia hii inaweza kusafisha laptopu iliyonunuliwa njiani bila karatasi. Nimemjibu hapana. Namba inayorudishwa ni ile ya mashine yenyewe, na siyo nyingine yoyote.

Kwenu wageni wa mashirika nina ombi. Mnapotukabidhi mashine, andikeni UUID kando ya namba ya stika. Na mashine ikitoka kwa fundi ikiwa na namba ngeni, ulizeni kwanza kabla ya kuandika "haipo". Barua yangu ilijibiwa baada ya wiki tano, na muda huo wote wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikaa wanne kwa kioo kimoja.

Laptopu ya saba iko pale kwenye meza karibu na mlango, imewashwa. Daftari liko pembeni yake. Mwenye kompyuta yake, ya shule au ya nyumbani, ailete baada ya hotuba tunakili namba zake zote leo, kabla haijaharibika.