Usugu wa Bakteria na Nafasi ya Maabara

Utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi ya damu yatokanayo na bakteria wa kundi la gramu-hasi walifariki kwa kiwango kinachozidi maradufu kile cha waliolazwa kwa malaria, na kwamba dawa isiyowaweza bakteria hao iliongeza hatari ya kifo.

Usugu huo wa bakteria dhidi ya dawa hauonekani kwa macho. Kwa kawaida hubainika pale damu inapooteshwa maabara, bakteria wakatandazwa juu ya chakula chao kilichogandishwa, kisha vikaratasi vya mviringo vyenye antibiotiki vikawekwa juu yake usiku kucha katika nyuzijoto 35, ili mtaalamu apime kwa milimita duara ambamo bakteria wameshindwa kuota. Kazi hiyo huchukua siku mbili, tatu au zaidi, muda mrefu mno kwa mtoto mahututi, ambaye daktari hulazimika kumwanzishia dawa kwa kukisia; na makisio hayo hayawezi kuwa salama pasipo kumbukumbu za maabara ya hospitali ileile. Wizara za afya zinaponunua antibiotiki, zinunue pia chupa za kuoteshea damu.