Cheti cha Miwani ni Haki ya Mnunuzi

Huko Marekani wanunuzi wengi wa miwani walidhulumiwa kimyakimya. Mtu alipimwa macho, akalipa, kisha akanyimwa cheti chenye vipimo vyake, ili alazimike kununua miwani pale pale kwa bei ya mwenye duka. Mwaka 1978 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliamuru kwamba mteja apewe cheti mara baada ya kupimwa, bila malipo ya ziada, hata asipokiomba.

Ujanja haukwisha. Kila polisi anajua ugumu wa kesi isiyo na ushahidi. Mwaka 2024 wapimaji walitakiwa kuomba sahihi ya mteja aliyepokea cheti, na kuitunza miaka 3.

Lakini kipimo cha umbali baina ya mboni mbili, anachokihitaji fundi wa miwani, kanuni haikulazimisha kiandikwe.