RUFAA NI AMANA
Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi



Maudhui niliyopangiwa ni uongozi na usimamizi wa hospitali za mkoa. Nimeonelea niyaeleze kwa kuifuata njia apitayo mgonjwa mmoja, tangu mlangoni pake hadi hospitali kubwa, ili sote tuone nani anaongoza nini, na ni wapi uongozi huo hukatika.

Mfano wangu nauchukua Tanzania Bara, katika Jiji la Arusha, ambako nilikuwa mgeni wa jamaa yangu anayeishi Kwa Mrombo. Mtaa huo uko kusini mwa Jiji, upande wa Muriet. Wengi wanaujua kwa nyama choma yake, lakini wakaazi wake ni watu wa kawaida kama sisi: mafundi, wachuuzi, madereva, watumishi na wapangaji. Ukisimama ukatazama kaskazini unauona Mlima Meru, na hospitali kubwa ya mkoa imepewa jina la mlima huo.

Mkaazi wa Kwa Mrombo akiugua, ngazi yake ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, na hapo jirani kipo Kituo cha Afya cha Muriet. Huduma za ngazi hiyo zimo mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, ambayo nayo iko chini ya TAMISEMI. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo, mgonjwa hupelekwa Mount Meru, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hospitali za namna hiyo zilikuwa chini ya TAMISEMI hadi mwishoni mwa mwaka 2017, zilipohamishiwa Wizara ya Afya. Ikiwa hapo napo pameshindikana, mgonjwa husafirishwa kiasi cha kilomita 80 hadi Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, ni mali ya Shirika la Good Samaritan Foundation, na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali.

Ndugu zangu, hesabuni wenyewe. Mgonjwa ni mmoja, barua za rufaa ni mbili, na wenye mamlaka ni watatu: Halmashauri, Wizara na shirika la dini. Kila mmoja anao kiongozi wake, bajeti yake na vitabu vyake. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini mimi sisemi kuwa kosa ni wingi wa manahodha. Kila hospitali haina budi kuwa na kiongozi wake. Khatari iko pale nahodha mmoja anapouachia usukani na wa pili hajaushika. Hapo katikati mgonjwa huwa hana mwenyewe.

Naomba mniruhusu nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Miaka kadhaa nyuma, katika mkoa ambao sitautaja, nilimsindikiza mama yangu mdogo aliyekuwa na maradhi ya shindikizo la damu. Kituo kiliandika barua ya rufaa, nikaitia mfukoni, tukaenda hospitali kubwa. Barua ilipokelewa ikawekwa katika jalada. Alitibiwa vizuri, akabadilishiwa dawa, akaruhusiwa. Tuliporudi kituoni muuguzi akaniuliza, "Wamempa dawa gani, na hizi za zamani aache au aendelee nazo?" Sikuwa na jawabu, wala karatasi yoyote ya kumwonesha. Naye mama, kwa kudhani kuwa dawa haimzidi mtu, akawa anakunywa za zamani pamoja na mpya. Siku ya kumi na moja alipatwa na kizunguzungu akaanguka, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hakusimama tena kwa miguu yake hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani alaumiwe. Daktari alifanya kazi yake, na muuguzi alifanya yake. Ukiingia ofisi yoyote kati ya hizo mbili ungekuta kila kitu kiko sawa. Kilichokosekana ni kipande cha karatasi ambacho hakikuwa wajibu wa mtu yeyote anayejulikana kwa cheo chake. Huo, Ndugu Wananchi, ndio upungufu wa uongozi ninaouzungumzia.

Nirudi Arusha. Yako mambo mema ambayo yamekwisha kuwekwa, na yafaa tuyatambue. La kwanza ni kamati za usimamizi wa vituo. Kila kituo cha Serikali huko Bara kinatakiwa kiwe na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mwananchi, na mganga mfawidhi ndiye katibu. La pili ni fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, badala ya kungojea zigawiwe na makao makuu ya halmashauri. Kwa hiyo wananchi wa mtaa wamepewa sauti juu ya mpango, bajeti na dawa za kituo chao. La tatu ni Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye yumo katika ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye na timu yake ndio wanaosimamia huduma za afya za mkoa mzima, na wanaweza kuwaita mezani pamoja watu wa Halmashauri, wa hospitali ya mkoa na wa hospitali za madhehebu.

Pamoja na hayo, kamati ya kituo huishia katika uzio wa kituo, na bodi ya hospitali huishia katika uzio wa hospitali. Njia iliyo baina yao haina kamati. Ndiyo maana nasema kuwa meza ile ya Mganga Mkuu wa Mkoa ni muhimu kuliko jengo lolote, iwapo itatumika kuulizana habari za wagonjwa waliopita baina ya milango.

Jambo hili linatuhusu sisi Visiwani kwa karibu sana. Matibabu bila ya malipo yalitangazwa hapa mwaka 1965, na kwa miaka mingi mzigo wa rufaa uliielemea Hospitali ya Mnazi Mmoja. Katika miaka ya karibuni zimejengwa hospitali za wilaya Unguja na Pemba, pamoja na Hospitali ya Mkoa wa Mjini Magharibi hapo Lumumba. Ni neema kubwa. Lakini kila ngazi inayoongezeka huongeza na mahali pa kupokezana mgonjwa. Tukijenga ngazi bila ya kuzifunga kamba, tutakuwa tumeongeza mahali pa kuanguka.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kituo kisimtoe mgonjwa wa dharura kabla ya kupiga simu kule aendako, na jina la aliyeipokea simu hiyo liandikwe katika barua. Pili, hospitali isimruhusu mgonjwa wa rufaa bila ya kumpa barua ya marejeo yenye mambo matatu: ugonjwa uliokutwa, dawa za kuacha na dawa za kuendelea nazo. Tatu, kila mwezi zihesabiwe barua zilizopanda na barua zilizorudi, na hesabu hiyo isomwe mbele ya viongozi wa pande zote na mbele ya wawakilishi wa wananchi. Haya hayangoji msaada wa wafadhili. Yanataka kalamu, daftari na kiongozi atakayeuliza.

Nanyi wananchi mnayo sehemu yenu. Msitoke hospitali bila ya karatasi. Ulizeni kwa adabu, "Nikifika kituoni niseme nini?" Swali hilo moja, lau ningalijua kuliuliza, lingalimwokoa mzee wangu.

Ndugu Watumishi, mgonjwa anapokabidhiwa kwetu ni amana, na amana haimwondoki mtu mpaka aliyefuata aseme kwa kinywa chake kuwa ameipokea. Tuongoze hospitali zetu kwa kanuni hiyo.