TAA INAYOJIZIMA YENYEWE: TUPIGE HESABU KABLA YA KUNUNUA

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika na wanakisomo wa darasa la jioni)



Mkutano mkuu ujao tutaamua kama tuweke kwenye ghala letu la pamba ile taa inayojiwasha na kujizima yenyewe, ambayo wanafunzi wa ufundi umeme wanaitengeneza vyuoni. Basi ndugu zangu, tusiamue kwa kushangaa. Tuamue kwa hesabu.

Kwanza, kazi ya vijana hawa siyo mchezo. Mwanafunzi wa ufundi, kabla hajamaliza chuo, anatakiwa atengeneze kitu kinachotatua shida ya watu. Hata wa sekondari wanafanya hivyo. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, inawapa nafasi ya kuonyesha kazi zao. Na tangu mwaka 2019 tumekuwa na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, yanaitwa MAKISATU. Kijana akileta kitu chake hapa, tumsikilize.

Pili, inavyofanya kazi. Kuna kijicho kidogo wanachokiita sensa. Siyo sensa ya watu ile ya mwaka 2022! Kijicho hiki kikipata mwanga kinapitisha umeme mwingi, kikiwa gizani kinapitisha kidogo. Hapo ndipo kifaa kinajua kama ni usiku au mchana, kisha kinafunga au kufungua swichi badala ya mkono wako. Aina nyingine inaona joto la mtu anayetembea. Mtu akipita, taa inawaka. Akiondoka, inazima.

Lakini kila aina ina ubovu wake. Kijicho cha mwanga ukikielekeza kwenye taa yake yenyewe, kitadhani kumekucha. Kitazima, kitawasha, kitazima tena. Na hicho cha mtu anayetembea ukikiweka hapa darasani, sisi tumeinama kimya tunaandika, kitasema hakuna mtu, tubaki gizani na kalamu mkononi. Tena mbuzi akipita uani usiku wa manane, taa hiyooo!

Tatu, hesabu. Fungueni madaftari. Globu ya zamani ya wati 100, ikiachwa inawaka usiku na mchana, inakula wati 100 mara saa 24, yaani uniti 2.4 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 72. Sasa kumbukeni bei iliyopangwa mwaka 2016: nyumba yenye matumizi madogo ililipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zilizozidi hapo, kila moja shilingi 350. Globu moja tu iliyosahauliwa nje imebakiza uniti 3 za redio na simu!

Tukiiwekea kifaa, itawaka usiku tu. Huku kwetu usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Uniti 72 zinakuwa 36. Ni nusu, siyo haba.

Lakini ngoja. Toa hiyo globu, weka taa ya LED ya wati 9. Hata ukiisahau usiku na mchana, kwa mwezi itakula uniti 6 na nusu tu. Ukiongeza kifaa, zinabaki 3 na robo. Maana yake kubadilisha globu kumeokoa uniti 65. Kifaa juu yake kimeokoa 3 tu, kama shilingi 300 kwa bei ile, na chenyewe kinakula umeme kidogo. Mwenye taa moja, mkono wake unatosha. Mwenye taa ishirini, kama nyumba za wageni za Katoro, kifaa kinaanza kulipa.

Na tusijidanganye kwamba taa ndiyo kila kitu. Mota ya nguvu za farasi 10, iwe ya mashine ya unga au ya karasha la wachimbaji kule Nyarugusu, ni kama wati 7,460. Hizo ni taa za LED zaidi ya 800. Mota ikifanya kazi kwa nguvu zake zote dakika tano, imekula umeme zaidi ya taa moja ya LED inayowaka saa 60.

Sasa mapendekezo yangu:

1. Kila nyumba ianze kwa kutoa globu za zamani. Hilo halingoji mkutano.

2. Ghala liwekewe LED kwanza, kisha kijicho cha mwanga kwa taa za nje, maana asubuhi zinasahauliwa mpaka jua la utosi. Mlinzi anahitaji mwanga usiku kucha, siyo mpaka mwizi apite. Uniti za LUKU zikiisha kati ya usiku, pamba yetu iko gizani.

3. Waya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Pamba na cheche havikai nyumba moja.

4. Swichi ya mkono ibaki. Kifaa kikifa, tusishindwe kuwasha taa yetu wenyewe.

5. Darasa letu lisome mita kila Jumamosi na kuandika daftarini kwa miezi mitatu. Tukiona faida, tuendelee. Tusipoiona, tuache.

Kusoma tumejifunza. Sasa tuisome na mita.

Umoja ni nguvu.